Vinundu vya moto kwenye miundi, hata shuka likigusa vinauma. Nimeambiwa ni erithema nodosamu na chanzo "huenda kisipatikane". Aliyepitia aje

mamapacha (mwenye uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu sitakasirika.

Wiki mbili zilizopita niliamka asubuhi nikahisi kama nimegongwa na kitu kwenye ugoko wa mguu wa kulia, nikajipapasa nikakuta kanundu kagumu kama gololi imezama chini ya ngozi, nikasema basi ni hawa wanangu, nalala na mapacha wa miaka 6 na mateke yao ya usiku nayajua mwenyewe. Siku ya pili vikawa vitatu. Siku ya nne mguu wa kushoto nao ukaanza. Saivi ninavyo 11, nimevihesabu kwa peni, yaani kila kimoja nimekizungushia duara la wino wa bluu na tarehe pembeni ili nijue kipi kipya kipi cha zamani (msinicheke tafadhali). Vikubwa vinafika sentimita 4 hivi, vidogo kama kifungo cha shati. Ukiweka kiganja unalisikia kabisa joto lake, na vinauma jamani, usiku nalala miguu iko nje ya shuka. Asubuhi ndo balaa, nikishusha tu miguu chini damu ikishuka nahisi kama ngozi inataka kupasuka, nakaa ukingoni mwa kitanda dakika kumi nzima ndo nasimama. Juu ya hapo kuna kahoma ka kuja na kuondoka, uchovu wa ajabu na vifundo vya miguu vimekakamaa kama vya bibi kizee, na mimi nina miaka 31 tu.

Dokta wa kwanza akasema nimeng'atwa na wadudu, nikapewa ya kupaka na ya mzio, hamna kitu. Wa pili akanibonyeza bonyeza, akaangalia miguu yote miwili, akasema hii ni erithema nodosamu, akaandika vipimo vingi mpaka nikashtuka. Nikamuuliza chanzo ni nini, akanijibu "tutatafuta, ila mara nyingi hatukipati". Sasa ugonjwa gani una jina refu hivo afu mwenyewe hajulikani katoka wapi?

Naulizia: inaambukiza? Maana nalala na watoto. Itaniachia makovu? Na kuna mtu alishapata chanzo chake?

kigimbi_kimoja

Pole sana dada. Mi sijui chochote, naweka kambi hapa kusoma. Ila hiyo ya peni umeniua 😂

mjuaji01

Hayo ni majipu yanataka kutunga, damu imechafuka. Tafuta antibayotiki kali ya siku 7, kanda na maji ya moto, yakiiva kamua. Ukiona unachelewa kuna predinisoloni, wife alivimba hivo hivo akameza siku 3 kwisha habari. Madokta wanapenda kuwatisha watu na majina.

dokta_wa_zamu

Mkuu mjuaji shika breki kwanza, hapo umepanga mambo matatu na yote matatu yanaweza kumuumiza.

Dada mamapacha pole. Nianze na hilo jina maana ndo linalokuchanganya. Erithema ni wekundu tu, nodosamu ni "yenye vinundu", kwa hiyo ukiambiwa una erithema nodosamu umeambiwa kwa Kigiriki na Kilatini kile kile ulichomwambia wewe kwa Kiswahili, kwamba una vinundu vyekundu. Jina halijagusa chanzo kabisa, linasema kinachoonekana. Ndo maana dokta wako aliandika vipimo vingi, hakuwa anakutisha, kazi yenyewe ndo ilikuwa inaanza.

Kinachotokea ni hivi. Chini ya ngozi kuna mafuta, na hayo mafuta yamegawanyika vyumba vyumba, katikati ya chumba na chumba kuna kuta nyembamba zenye mishipa midogo ya damu. Kinga ya mwili wako imechokozwa na kitu fulani, mara nyingi kitu kilicho mbali kabisa na miguu, kooni au mapafuni au tumboni, na katika hasira yake ikaenda kuwasha moto kwenye hizo kuta. Ndani ya kinundu hamna usaha wala mdudu. Ukikamua unakamua nini? Utajiumiza na utafungua mlango wa vidudu vya kweli viingie.

Kwa hiyo HAIAMBUKIZI, lala na wanao kwa amani. Kinachoweza kuambukiza ni chanzo chake, kama kipo, mfano koo au TB, ila vinundu vyenyewe hapana. Na kovu hamna, vikifuata kawaida yake havipasuki wala havitoboki, vinapita rangi kama mtu aliyevilia damu, vyekundu, zambarau, manjano manjano, vinazama. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, unaona weusi weusi au zambarau, ndo maana wengi wetu tunaambiwa ni wadudu. Hapo kidole kinaona kuliko jicho, unapapasa, ni vya moto, vigumu, vinauma, viko pande zote mbili mbele ya muundi. Alama nyeusi inaweza kukaa miezi ila nayo inafifia.

Kimoja kinachukua wiki mbili tatu kuzama, shida ni kwamba vinakuja kwa mafungu, hiki kinakufa kile kinazaliwa, kwa hiyo shughuli nzima kwa kawaida ni wiki 3 mpaka 6, wengine 8. Maumivu ya viungo yanaweza kubaki nyuma miezi, hilo nakwambia mapema usije ukapaniki.

Sasa nijibu haya. Wiki 3 nyuma kabla ya kinundu cha kwanza uliumwa koo? Dawa gani mpya umemeza miezi ya karibuni? Una mimba au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Unaharisha, choo kina damu? Kukohoa, kutoka jasho usiku, kupungua uzito? Vidonda mdomoni vinavyojirudia rudia?

mamapacha

Dokta ubarikiwe, nimesoma mara mbili. Mimba hamna. Vidonge natumia lakini ni mwaka wa tatu huu sasa. Tumbo liko salama. Sikohoi. Koo... ngoja. Watoto waliumwa koo wote wawili wakati shule zinafunguliwa, mmoja alikuwa na homa kali na mafindofindo yamevimba mpaka anatema mate, na mi nilipata kakoo ka siku mbili hivi nikasukutua maji ya chumvi likapita. Sikulihesabu hata kama ni ugonjwa. Hiyo ni kama... wiki tatu kasoro kabla ya ile gololi ya kwanza. Uwiiii.

dokta_wa_zamu

Eeh. Usilihukumu bado, ila weka hapo pembeni na duara la peni 😀

Kati ya vyanzo vinavyopatikana, huyo mdudu wa koo anaitwa streptokokasi ndo anaongoza sehemu nyingi duniani, na tabia yake ndo hiyo, koo linapona, mtu anasahau, wiki 2 au 3 baadaye miguu inaanza. Kuna kipimo cha damu cha ASO kinachoonyesha kama mwili ulipigana naye hivi karibuni. Kipimo kimoja kikiwa juu hakitoshi sana maana kinaweza kuwa cha vita vya zamani, kizuri ni kupima mara mbili, wiki 2 mpaka 4 katikati, uone kama kinapanda.

asali_chungu

Naomba niongezee kwenye vidonge. Mimi yangu ilikuwa vidonge vya uzazi wa mpango kabisa. Vilinitokea mwezi wa pili tu baada ya kuanza, dokta akanibadilishia njia vikaisha na havijarudi. Cha ajabu nilipopata mimba miaka miwili baadaye vikarudi tena, mwezi wa nne wa mimba, nikaambiwa ni homoni zile zile, kwamba mwili wangu haupatani nazo zikipanda. Mtoto alizaliwa salama kabisa na vinundu viliisha vyenyewe. Kwa hiyo dada miaka mitatu nadhani hivyo vyako havina kesi ila mtajie dokta wako, mimi sikutaja mpaka nilipoulizwa maana kichwani mwangu vidonge vya uzazi wa mpango sio "dawa", dawa ni ya kuumwa.

dokta_wa_zamu

@asali_chungu hilo la mwisho ningeweza kulibandika mlangoni kwangu. Watu wakiulizwa dawa wanataja za maumivu tu.

Kwenye dawa wazee wa sulfa ndo wanaosemwa zaidi, septrini na ndugu zake, na penisilini pia imo kwenye orodha. Hapo ndo pana mtego mtamu, mtu kaumwa koo, kapewa penisilini, baada ya wiki mbili kaota vinundu. Nani mwenye kosa, koo au dawa? Mara nyingi koo lilitangulia, lakini wengine wanaondoka na kadi ya "mzio wa penisilini" maisha yao yote kwa kosa ambalo halikuwa lake.

mtembezi_usiku

Nimeona jina la predinisoloni huko juu nikasema lazima niandike, na huwa siandikagi.

Mimi nilianza kama dada hapo juu, vinundu miguu yote. Sehemu ya kwanza niliyoenda (sitaitaja) hawakunipiga picha ya kifua, hawakunipima kitu, nikapewa predinisoloni wiki mbili. Dah, zile dawa ni tamu usiombe, siku ya tatu vinundu vimelala, homa hamna, nakula kama nimetoka jela, nikamsifia yule bwana kwa kila mtu. Zilipoisha vikarudi vyote na wenzake. Nikarudi nikaongezewa. Mwezi wa tatu nimeanza kikohozi na jasho la usiku, naamka shati unaweza kulikamua. Dokta mwingine mdada mdogo tu, sidhani kama alikuwa na miaka 30, akaniuliza swali moja, "ulipigwa picha ya kifua kabla ya kuanza hizi?" Nikasema hapana. Akanyamaza kwanza. TB. Vile vinundu ilikuwa TB inabisha hodi mapema kabisa kabla kikohozi hakijaja, na zile dawa ziliiambia kinga yangu ikae chini wakati adui yuko mlangoni.

Nilimeza dawa za TB miezi 6 nikapona, namshukuru Mungu. Vinundu vilitoweka mwezi wa kwanza tu wa dawa bila dawa yake yoyote. Kwa hiyo dada yangu mtu akikupa predinisoloni muulize kifua changu kimeonekana?

mjuaji01

Mkuu pole sana. Ila wife alipona kweli, sijadanganya.

dokta_wa_zamu

Hujadanganya mkuu na ndo ugumu wenyewe ulipo. Hivi vinundu kwa wengi vinapona HATA USIPOFANYA KITU, kwa hiyo dawa yoyote utakayomeza wiki ya tatu itaonekana imekuponya. Ungekuwa unakunywa maji ya bomba na kusoma gazeti ungesema gazeti linatibu. Na predinisoloni inazima moto kweli, shida ni pale moto ulikuwa ni king'ora na wewe umekata waya wa king'ora. Steroidi kama hiyo predinisoloni zina nafasi yake hapa, lakini baada ya TB na maambukizi mengine kutafutwa yakakosekana. Habari ya mtembezi sio ya kwanza kuisikia, na kwa mtoto mdogo mwenye vinundu hivi TB ndo inatafutwa mapema kabisa.

Antibayotiki nayo ni hivyo hivyo, kama kuna bakteria mahali inamtibu huyo bakteria, vinundu vyenyewe haviihitaji.

tumbo_joto

Mimi vinundu vyangu vilikuwa vinafuatana na tumbo. Nina ugonjwa wa Crohn (utumbo unawaka na kuota vidonda), ila wakati huo sikujua, nilijua nina tumbo bovu tu tangu sekondari. Kila tumbo likichachamaa, siku chache baadaye ugoko unawaka. Nimeenda kwa daktari wa ngozi mara tatu kwa ajili ya miguu na hata siku moja sikumtajia choo changu, utaanzaje kumwambia daktari wa ngozi habari za choo? Na yeye hakuuliza. Siku aliyoniuliza mwingine ndo nikapelekwa kuingizwa kamera tumboni wakaona vidonda. Saivi tumbo likitulia miguu inatulia, nimeacha hata kuhesabu.

Nyongeza muhimu, zile dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki mimi zilinichokoza tumbo vibaya sana. Kwa hiyo mwenye tumbo la mashaka asimeze tu kwa kuona wengine wanameza.

dokta_wa_zamu

Sahihi kabisa. Hizo ndo dawa za kwanza za maumivu kwa vinundu hivi lakini mwenye Crohn, vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba aulize kwanza. Na sio Crohn tu, hata kuharisha kwa kawaida kwa salmonela, kampilobakta au yasinia kunaweza kuacha vinundu nyuma yake.

fundi_saa

Wanaume tupo? 🙋🏾‍♂️ maana naona uzi wa kina mama.

Mimi ilikuwa mguu kama wa tembo, vifundo vyote viwili vimevimba siwezi kuvaa kiatu, homa 39, vinundu vichache tu kama vitano. Kazi yangu ni ya kukaa ila hata kukaa nilikuwa nakaa miguu juu ya stuli. Picha ya kifua ikaonyesha tezi zimevimba katikati ya mapafu pande zote mbili. Mimi na mama watoto tukajua ndo basi, kansa. Usiku ule hatukulala. Wakapima TB hamna, wakapima hiki na kile, mwisho wakasema ni sakoidosisi (kinga inavimbisha tezi na mapafu bila mdudu kuonekana), na sio ile mbaya, ni aina inayoitwa sindromu ya Löfgren, jina la dokta mmoja wa Sweden. Mkubwa wa pale akaniambia maneno nayakumbuka mpaka leo: "katika wagonjwa wangu wa sakoidosisi, wewe ndiye ninayekuonea wivu". Kwamba wenye vinundu miguuni pamoja na tezi za kifua na vifundo kuvimba, wengi wao ugonjwa unaondoka wenyewe, ndani ya mwaka au miaka 2. Mimi ulichukua miezi 14. Nilipewa dawa za maumivu tu na kurudi kupiga picha.

Kinundu kumbe kinaweza kuwa habari njema. Nani alijua.

kigimbi_kimoja

Huu uzi una madini. Sa swali la mjinga, kwanini miguuni? Kinga ikikasirika kwanini isiende mgongoni huko?

dokta_wa_zamu

Sio la mjinga, wakubwa wanabishana mpaka leo. Wanadhani ni kwa sababu mbele ya muundi damu na maji ya mwili yanapanda kwa shida, yanapigana na uzito siku nzima na hakuna misuli mingi ya kuyasukuma, kwa hiyo takataka za vita zinatuama hapo. Ndo maana kuinua miguu kunasaidia kweli, sio maneno ya kumfariji mgonjwa. Wakati mwingine vinatoka mapajani na mikononi, ila muundi ndo nyumbani kwake.

Na kama vikianza sehemu ambayo sio nyumbani kwake hapo nabadilisha sura. Vikikaa NYUMA kwenye vigimbi, vikapasuka vikawa vidonda, vikaacha makovu, huyo ni ndugu mwingine anaitwa erithema induratamu, Mfaransa mmoja Bazin ndo alimwandika karne ya 19, na huyo uhusiano wake na TB ni wa karibu zaidi. Mguu mmoja tu umevimba wote, mwekundu, unasambaa kwa masaa na homa, hiyo ni maambukizi ya ngozi, nenda leo. Kamba ngumu inayouma ndani ya kigimbi, fikiria damu iliyoganda, nenda leo.

mzee_wa_benchi

Vijana mnajitahidi. Mimi nimestaafu, nilikuwa nesi kwenye kliniki ya ukoma miaka mingi na naona hamjaugusa.

Kuna vinundu vinaitwa erithema nodosamu leprosamu, jina linafanana lakini tabia siyo. Vinatoka kwa mgonjwa wa ukoma wa aina ile yenye vimelea wengi, mara nyingi akiwa tayari kwenye dawa au kamaliza, mgonjwa anakuja analia anasema dawa zenu zinaniua. Havichagui muundi, utaviona usoni, mikononi, mapajani, vinakuja kwa makumi, mtu ana homa, mishipa ya fahamu inauma, macho mekundu, wanaume korodani zinavimba. Sio kwamba ukoma umerudi, ni kinga inapigana na mizoga ya vimelea. Na huyo hasubiri wiki 6, akichelewa anaweza kupoteza jicho au mkono ukapinda.

Dawa yake moja ina historia ya ajabu. Mwaka 1964 huko Jerusalem dokta Jacob Sheskin alikuwa na wagonjwa wa namna hiyo hawalali kwa maumivu, akawapa thalidomaidi kama dawa ya usingizi tu. Ile ile iliyokuwa imeshaondolewa sokoni kwa kuzaa watoto wasio na mikono. Asubuhi wagonjwa wamelala na vinundu vimeanza kunywea. Mpaka leo inatumika, kwa ulinzi mkali, na mwanamke anayeweza kushika mimba haipewi hivi hivi.

Mama pacha huyu wako sio huo mjukuu wangu, nimeandika ili mwenye ganzi mahali au baka lisilosikia kitu asijifariji na uzi huu.

dokta_wa_zamu

Shikamoo mzee wetu. Nilikuwa nautafuta mlango wa kuingilia hilo ukaufungua vizuri kuliko mimi.

mamapacha

Nimerudi wakuu, wiki ya 5 hii toka gololi ya kwanza. Mrejesho.

Picha ya kifua safi (nilivyosoma habari ya mtembezi nilitetemeka pale kwenye benchi mpaka yule wa eksirei akaniuliza kama nasikia baridi). Kipimo cha TB cha kuchoma mkononi hakikuvimba. Mimba hamna, nilishasema. ESR iko juu sana, dokta akasema hiyo inasema tu kuna moto haisemi unawaka wapi. Usufi wa kooni ukaota yule streptokokasi, hata sikuwa nasikia koo! ASO ya kwanza juu, ya pili imepanda zaidi. Kwa hiyo nikapewa antibayotiki ya koo, dokta akasisitiza "hii ni ya koo, usije kusema haijakuponya miguu". Watoto nao wakapimwa, mmoja anaye, naye yuko kwenye dawa.

Nikamuuliza kuhusu kukatwa kanyama kupimwa maana nilisoma mahali. Akasema vyako viko kama kitabu hatuna haja, ingekuwa vimezidi wiki 8 au vimepasuka au viko sehemu za ajabu tungekata, na tungekata kwa kina mpaka kwenye mafuta maana wakichota juu juu wanaambulia ngozi tupu.

Saivi nakaa miguu juu ya mito miwili, soksi za kubana alinipa baada ya kupima mapigo ya miguuni kwanza, na dawa ya maumivu baada ya kula. Kipya cha mwisho kilitoka siku 9 zilizopita.

sauti_ya_pembeni

Mi naomba kuuliza kwa niaba ya waliokosa chanzo. Mimi nimepimwa VYOTE. Koo, kifua, kinyesi, homa ya ini, kila kitu hamna. Ni mara ya pili sasa ndani ya miaka mitatu. Mnavyosimulia hapa kila mtu kapata mwenzake mimi nimebaki peke yangu na miguu yangu.

dokta_wa_zamu

Hauko peke yako, mko wengi sana. Kwenye baadhi ya hesabu inafika nusu ya wagonjwa au zaidi, hakipatikani kitu, na wengi wao hawana baya lolote lililojificha, pengine ni kavirusi kalikopita hata hukukajua. Uzi unakusanya wenye hadithi, wasio na hadithi hawaandiki.

Lakini kwa kuwa vinarudi, usifunge faili. Mwambie dokta arudie kifua, uliza tumbo tena, vidonda vya mdomoni na sehemu za siri vinavyojirudia (huo ni ugonjwa wa Behçet), uzito, tezi zisizouma shingoni. Kwa wachache sana damu au tezi zenye kansa ndo zimejificha nyuma, sitaki kukutisha, nataka tu mtu aangalie. Na kwa wanaorudiwa au wasiopona zipo dawa nyingine, kolchisini, dapsoni, hata potasiamu ayodaidi ambayo ni kichekesho maana ayodaidi hizo hizo zimo kwenye orodha ya dawa zinazoweza KULETA vinundu, na inaweza kuvuruga tezi ya shingo, haimezwi kwa kusoma uzi.

sauti_ya_pembeni

Vidonda vya mdomoni ninavyo toka utotoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

dokta_wa_zamu

Njoo PM.

mjuaji01

Dokta samahani na mimi nije PM, nimemuuliza wife kumbe alikuwa anameza septrini kipindi kile na mimi sikujua 😅

kigimbi_kimoja

😂😂😂 mjuaji leo kapigwa na kitu kizito

mamapacha

Wiki ya 7. Vinundu vimebaki viwili na sivioni, mpaka nivitafute kwa kidole. Vifundo bado vinakakamaa asubuhi ila nashuka kitandani moja kwa moja sisubiri. Jana namwogesha huyu mdogo akaona yale maduara ya peni yamefifia kwenye ugoko wangu, akachukua sponji akaanza kuyasugua, akaniuliza mama hapa palikuwa na nini. Alikuwa anasugua kwa nguvu kabisa na mimi nimekaa tu namwangalia, haikuuma.

Duara moja kagoma kutoka, la tarehe ya kwanza. Nadhani lile nililiandika kwa peni ya shuleni kwao.